Bunduki ya .22 na Mtu wa Mahege: Inunuliwe, na Ipigiwe Wapi?

Kijana wa Mahege, wilayani Kibiti, mwenye kazi yake Dar es Salaam na mikorosho ya urithi nyumbani, anataka kununua bunduki ndogo ya .22, ile ya kuvuta bolti kwa mkono kila baada ya risasi moja. Anaitaka kwa mchezo wa shabaha tu. Hana nia ya kuwinda wala ya kulinda duka. Anataka karatasi yenye duara, umbali wa mita 50 na asubuhi tulivu. Anunue? Akinunua, achague ipi, na aipigie wapi?

Mabishano yafuatayo nimeyatunga mwenyewe, nikayagawa kwa sauti nne ili kila upande useme hoja yake kwa nguvu. Yumo Kijana, yumo Shangazi yake, mkulima wa mpunga na mahindi, yumo Babu, baba yake Shangazi, aliyekuwa mgambo na akapelekwa vita vya Kagera, na yumo Mwalimu wa fizikia wa sekondari. Nami nitaingia pale hoja inapohitaji kusukumwa. Niseme mapema msimamo wangu: naupenda mchezo wa shabaha, na naamini bunduki ya .22 ya bei nafuu ni chombo kizuri kuliko sifa zake. Lakini kwa Kibiti, uwanja lazima utangulie bunduki.

KIJANA: Shikamoo Babu, shikamoo Shangazi. Nianze na bei, maana ndiyo iliyonivuta. Katika raifoli za kiwandani, hizi za .22 za bolti ni miongoni mwa zile za gharama ndogo. Ipo Savage Mark II ya Marekani, ipo Ruger American Rimfire, ipo Norinco JW-15 ya China ambayo imeigwa kutoka kwa zile za Cheki, na zipo hizo za Cheki zenyewe, Brno za zamani na CZ za sasa. Risasi zake nazo ni nafuu, kwa hiyo mtu anaweza kufanya mazoezi ya kweli. Mchezo huu ni mazoezi. Ukipiga risasi tano kwa mwezi hujifunzi kitu.

BABU: Marahaba. Mimi nimebeba SMG, nimelala nayo. Hiyo ya kwako ni ya watoto?

MWALIMU: Mzee wangu, inapendwa kwa kufundishia kwa sababu haipigi bega wala haipasui masikio kama ile. Risasi ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 hivi, inatoka mtutuni kwa mita 330 hadi 380 kwa sekunde, na nguvu yake ni jouli 140 hadi 190. Risasi ya SMG yako, yaani AK-47, inakaribia jouli 2,000. Zidisha mara kumi na zaidi.

SHANGAZI: Na kwa nini iwe dhaifu hivyo? Wameshindwa kuitia nguvu?

MWALIMU: Ni jinsi ilivyoundwa, dada. Risasi kubwa ina kilipushi chake katikati ya kitako cha ganda. Hii haina. Ile dawa ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini ya bunduki inaubana ukingo huo mpaka dawa iwake. Ili ukingo ubanike, ganda lazima liwe jembamba. Ganda jembamba halihimili msukumo mkubwa, kwa hiyo baruti inawekwa kidogo. Ni teknolojia ya zamani sana: Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alianza nayo mwaka 1845, Smith & Wesson wakatoa .22 fupi mwaka 1857, na hii ndefu tunayoitumia leo ilitoka kwa kampuni ya Stevens mwaka 1887. Imedumu kwa sababu ni rahisi kutengeneza. Ila ganda likishatumika ni la kutupa, halijazwi tena.

SHANGAZI: Basi mimi niulize la kwetu. Mpunga ukishaanza kutoa suke, nalala kwenye dungu, napiga debe usiku kucha. Nguruwe wanaingia huku, nyani wanangoja kupambazuke waingie kule. Hiyo bunduki ikija Mahege, watu hawataiita ya mchezo. Wataniambia, mwambie mwanao aje atusaidie na nguruwe.

KIJANA: Na mimi nitakataa, Shangazi.

SHANGAZI: Utakataaje, na wewe ndiye mwenye bunduki? Mtoto wa jirani akija analia kwamba mahindi ya mama yake yameisha, utamwambia yako ni ya karatasi?

Hapa lazima nisimame, maana Shangazi amegusa jambo ambalo wapenzi wa mchezo huu wa mjini hawalijui. Rufiji na Kibiti bunduki huulizwa kwanza kazi yake shambani, na swali hilo lina historia ya damu. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja wa Rufiji aliua zaidi ya watu 30 kabla hajauawa mwezi Aprili 2004. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Craig Packer kuhusu simba walao watu Tanzania: tangu 1990 walikuwa wameua zaidi ya watu 560, na mnyama aliyewavuta mpaka mashambani alikuwa nguruwe pori. Mkulima anakwenda kulala shambani kwa sababu ya nguruwe, na simba anamfuata nguruwe huyo huyo. Mtu wa Bonde la Rufiji akisikia neno nguruwe, hafikirii mahindi peke yake.

MWALIMU: Ndiyo maana jibu liwe la kukata. Nguruwe pori aliyekomaa ana kilo 60, 70, ana ngozi nene na mifupa mizito ya bega. Risasi ya gramu 2.6 itamjeruhi. Atakimbilia kwenye mabua akiwa na maumivu na hasira, na asubuhi ni wewe, dada, utakayempita kwenye njia ya shamba. Kwa nyani ni ukatili uleule. Tena wanyama hawa ni mali ya serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Wakizidi, wanaitwa askari wa wanyamapori wa wilaya, wenye silaha za kazi hiyo.

SHANGAZI: Askari wanakuja wakati mpunga umeshalala chini.

MWALIMU: Hilo ni kweli, na tulidai kwenye mkutano wa kijiji. Lakini .22 haitalijibu.

BABU: Mwanangu, mimi namuunga mkono Mwalimu. Mnyama aliyepigwa vibaya ni mbaya kuliko mnyama asiyepigwa. Sasa wewe mjukuu wangu, tuseme tumekuelewa, ni ya karatasi. Nieleze utajuaje kwamba hujauziwa bomba la maji lililofungwa kwenye ubao.

KIJANA: Babu, naanza na triga. Bunduki ya bei ndogo mara nyingi hushindwa hapo, inauzwa na triga nzito ya kilo mbili au tatu, utadhani ina mchanga ndani yake. Ukivuta kwa nguvu hiyo, mtutu unahama kabla risasi haijatoka. Nataka ivutike kwa kilo moja, moja na nusu, na ikatike safi. Savage wamefanya vizuri hapa: triga yao mwenye bunduki anaipunguza mwenyewe, na ina ulimi mdogo katikati unaozuia isifyatuke kwa kutikiswa. Pili, bolti. Nivute, nirudishe, nisikie kama inakwaruza. Kwenye CZ mpya, ile 457, mkono wa bolti unainuliwa nyuzi 60 tu, kwa hiyo haugongi darubini. Tatu, magazini. Zile za bati jepesi, midomo yake ikipinda kidogo risasi inaingia upande na kukwama. JW-15 ina faida moja kubwa: inakubali magazini za CZ.

BABU: Sefti?

KIJANA: Nilikuwa naifikia.

BABU: Ungeanza nayo.

Babu ana haki, na hili ningependa kila mnunuzi wa bunduki iliyotumika alishike. Kwenye CZ 452 na 455 ambazo ndizo utakazozikuta mikononi mwa watu, sefti inakwenda kinyume na mazoea: ukiisukuma mbele bunduki imefungwa, ukiivuta nyuma iko tayari kufyatuka. Kwenye 457 wameigeuza, kusukuma mbele ndiko kufyatua, kama raifoli nyingi nyingine. Mtu aliyejifunza kwenye moja akaazima nyingine anaweza kuamini amefunga kumbe amefungua. Mahali penye bunduki za aina zote mbili, mwalimu wa uwanja hana budi kuwafundisha wapigaji wasiitegemee sefti hata kidogo: bolti iwe wazi, chumba kiwe kitupu, mtutu uelekee kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Hayo matatu yanaonekana kwa macho kutoka mbali.

BABU: Na kitako? Nguo za jeshi walitupa saizi moja, bunduki saizi moja. Wafupi waliteseka.

KIJANA: Kitako cha mti ni kizuri, lakini huku kwetu hewa ina chumvi na unyevu. Mti unavimba, unaanza kuusukuma mtutu, na shabaha inahama kutoka msimu hadi msimu. Cha plastiki hakivimbi, ila vile vya bei ndogo vinanepa. Ukiegemeza mkono mbele, plastiki inagusa mtutu. Dawa ni kupitisha karatasi kati ya mtutu na kitako: ikipita bila kukwama mpaka karibu na chumba, safi.

MWALIMU: Na kutu. Mtutu uliopakwa rangi nyeusi tu, wiki moja Kibiti bila mafuta, alama za vidole zinageuka madoa mekundu. Ndani ya mtutu huna haja ya kusugua sana, risasi zenyewe ni za risasi laini zilizopakwa nta. Nje ndiko kwa kazi: kitambaa chenye mafuta kila baada ya kuishika.

SHANGAZI: Mnaongea kama watu wanaochumbia. Lakini inapiga sawa au haipigi?

KIJANA: Hapo kipimo ni kimoja, Shangazi. Unaiweka juu ya mfuko wa mchanga, mita 50, unapiga risasi tano kwenye karatasi. Unapima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Unarudia mara tano, maana kundi moja zuri linaweza kuwa bahati. Ikiwa matundu matano yanakaa ndani ya milimita 25 mara kwa mara, hiyo ni bunduki ya mchezo, hata ingekuwa ya bei ya chini kabisa. Ikishuka mpaka milimita 15, nashukuru Mungu.

MWALIMU: Na ubadilishe risasi kabla hujailaumu bunduki. Hizi .22 zina tabia, mtutu mmoja unapenda risasi za kampuni hii, mwingine unazikataa. Nunua pakiti za aina tatu nne, pima zote, kisha baki na iliyoshinda. Na usidanganyike na maandishi ya kasi kubwa kwenye pakiti. Risasi inayotoka kwa kasi kupita sauti inapoteza mwendo haraka sana mwanzoni, na upepo unaisukuma zaidi kuliko ile ya taratibu. Ndiyo maana wapigaji wa mashindano wanachagua ya taratibu.

SHANGAZI: Yaani ya polepole inashinda upepo kuliko ya haraka?

MWALIMU: Kwa ukubwa huu wa risasi, ndiyo. Na upepo wetu mnaujua. Kusi ikishika, wenye majahazi wanashusha tanga. Upepo wa kawaida tu wa mita nne au tano kwa sekunde, ukipiga ubavuni, unaihamisha .22 sentimita mbili hadi tatu kwenye mita 50. Sasa sikiliza: duara la pointi kumi kwenye shabaha ya Olimpiki ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4. Upepo peke yake unakutoa nje ya kumi, na mkono wako haujatetemeka. Ukienda mita 100, bunduki uliyoirekebisha kwa mita 50 inapiga chini sentimita 15 hadi 20. Kwa wanafunzi wangu hilo ni somo zima la mwendo wa vitu.

Nakiri kwamba hapa ndipo moyo wangu ulipo. Watu wanaudharau mchezo huu kwa kuwa hauna mbio wala kelele. Lakini kulala kifudifudi, kuutazama upepo kwenye majani, kungoja pumzi itulie, kisha kuikata triga bila kuijulisha misuli mingine, ni nidhamu ngumu. Ni mchezo ambao msichana wa miaka kumi na saba na mzee wa sitini wanalala mstari mmoja bila mmoja kumwonea mwenziwe. Bunduki nafuu ya .22 inatosha kabisa kumfikisha mtu kwenye nidhamu hiyo. Mwenye pesa kidogo ningemwambia atafute kwanza Brno au CZ iliyotunzwa. Akikosa, Savage mpya. Na JW-15 aichukue akijua kwamba haikusuguliwa vizuri, ila chuma chake ni cha kuaminika. Darubini ya kifahari isubiri. Pesa hiyo iingie kwenye risasi.

SHANGAZI: Nimewasikia. Sasa mnieleze mtapigia wapi.

KIJANA: Kuna eneo wazi, nyuma ya mashamba...

SHANGAZI: Eneo wazi! Mahege kuna eneo wazi lisilo na mtu? Ukiona jani limesimama, ndani yake kuna mama anapalilia. Ukiona mnazi, juu yake kuna mgema.

MWALIMU: Na risasi hiyo ndogo, ikirushwa juu kidogo, inafika karibu kilomita moja na nusu. Nchi yetu ni tambarare. Hakuna mlima wa kuipokea.

BABU: Na maji. Tulifundishwa usipige juu ya maji. Risasi inateleza, inaruka tena, hujui inakokwenda.

MWALIMU: Ya .22 ndiyo mbaya zaidi kwa hilo, kichwa chake ni cha mviringo na mwendo wake ni mdogo. Bonde lote hili ni maji: mito, mifereji, majaruba. Bila tuta refu la udongo laini, lisilo na mawe, nyuma ya shabaha, na pembeni pia, mimi siendi kusimama hapo.

KIJANA: Basi tulijenge tuta.

SHANGAZI: Mwanangu, tuta ni udongo. Kuna kitu kingine, nacho ni hofu. Mwaka 2017 ulikuwa wapi?

KIJANA: Dar, Shangazi.

SHANGAZI: Sisi tulikuwa hapa.

Kwa wasiokuwepo: kwenye miezi ile viongozi wa vijiji na vitongoji vya Kibiti na Rufiji walipigwa risasi majumbani mwao, na jioni ya tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa katika shambulio la kuvizia wilayani Kibiti na silaha zao zikachukuliwa. Bodaboda zikazuiwa kutembea usiku. Watu walizima taa mapema. Mlio wa risasi, hata mdogo kama wa .22, hauwezi kusikika leo katika kata hizi kama unavyosikika kwenye klabu ya mjini. Mpenzi wa mchezo asiyeliheshimu hilo simuungi mkono, hata bunduki yake iwe na leseni na mhuri wa kila ofisi.

BABU: Na leseni si ya kwenda leo ukarudi nayo kesho. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa wako, yanapita kwenye kamati za usalama, yanakwenda polisi. Watakuuliza sababu.

KIJANA: Najua, Babu. Sheria ni ya 2015, ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi. Nitasema mchezo, kwa kuwa ndio ukweli. Lakini niruhusuni niseme na langu. Kila mkija na hofu, kijana wa kijijini anabaki na mpira peke yake. Mpira hauna nafasi ya kila mtu. Shule zetu zina watoto wenye utulivu wa ajabu, wenye macho ya wavuvi. Duniani watu wanakwenda Olimpiki na bunduki ya risasi hizi hizi, wanawake kwa wanaume. Tukisema Kibiti iliumia, kwa hiyo Kibiti isiguse, tutakuwa tumewaachia wale wauaji waamue mpaka michezo yetu.

SHANGAZI: Maneno yako yana uzito. Sijasema hapana. Nimesema wapi.

MWALIMU: Mimi nina njia. Bunduki yako ya .22, ukiipata, ibaki Dar kwenye klabu unayopigia, ndani ya ghala lao la silaha. Usiisafirishe kuja huku. Huku tuanze na ya upepo. Mashindano ya Olimpiki yana shabaha ya mita 10 kwa bunduki ya upepo, risasi ya milimita 4.5, ndani ya nyumba. Hakuna baruti, hakuna mlio wa kumwamsha mtu, na ukuta wenye mbao na mchanga nyuma ya shabaha unaipokea. Ghala la chama cha ushirika, AMCOS, likishatoa korosho linakaa tupu miezi mingi, na urefu unatosha. Nayo tutawauliza polisi Kibiti kwa maandishi kabla hatujagusa pesa, na serikali ya kijiji ikae mezani tangu siku ya kwanza.

KIJANA: Ya upepo haina upepo wa kusi, Mwalimu. Ndani ya ghala hakuna kinachosukuma risasi.

MWALIMU: Itawafundisha triga na pumzi. Upepo watajifunza baadaye, Dar, kwenye .22 yako.

BABU: Na ufunguo nani atakaa nao?

KIJANA: Mimi, Babu.

BABU: Hapana. Wewe uko Dar. Bunduki isiyo na mwenyewe kijijini ndiyo inayopotea.

MWALIMU: Kasha la chuma, kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa mwenyekiti wa kijiji, mmoja kwangu shuleni. Halifunguki bila wote wawili kuwepo, na risasi zake ziwe kwenye kasha jingine.

SHANGAZI: Na daftari. Kila ikitoka, nani kaitoa, saa ngapi, imerudi saa ngapi. Daftari hilo lisomwe kwenye mkutano wa kijiji kama mapato na matumizi yanavyosomwa. Mkikubali hilo, mimi nitawaambia akina mama. Na wasichana waingie tangu orodha ya kwanza, msije mkasema mtawaita baadaye.

KIJANA: Nimekubali, Shangazi. Jumatatu nitapita kituo cha polisi Kibiti kabla sijapanda basi. Barua aandike Mwalimu.

MWALIMU: Nitaiandika leo. Nipe vipimo vya ghala.